Shajara ya mradi: programu ya kugawa nafasi za chuo kwa matabaka nchini India

3 Februari

Nimeanza rasmi. Lengo ni programu ndogo ya Python inayopokea orodha ya waombaji na idadi ya nafasi, inagawa nafasi hizo kwa sheria za India za mgao wa matabaka, kisha inamweleza mtu yeyote, hatua kwa hatua, kwa nini fulani kaingia na fulani kakosa.

Tangu IIT Madras, kimojawapo cha vyuo vya teknolojia vya serikali kuu ya India (IIT), ifungue tawi lake Zanzibar mwaka 2023, vijana wengi wa huku wamezijua IIT na wanataka kufahamu huko kwao zinachaguaje wanafunzi. Nikigusia habari ya mgao, swali la kwanza huwa moja: nani anapewa asilimia ngapi? Sijakutana na anayeuliza nafasi zinajazwa kwa utaratibu gani. Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya haki, au ya dhuluma, imo ndani ya utaratibu huo, na ningependa mtu aone kwa macho yake.

Asilimia zenyewe, kwa vyuo vya serikali kuu, ni hizi. SC, matabaka yaliyoorodheshwa kisheria, yale yaliyotengwa kwa karne nyingi kama watu wasiogusika na ambayo leo wengi wao hujiita Wadalit: 15. ST, makabila ya asili: 7.5. OBC, makundi mengine yaliyoachwa nyuma kijamii na kielimu: 27. EWS, wenye kipato kidogo wasiomo katika makundi hayo matatu: 10. Zinabaki 40.5, nazo huitwa nafasi za wazi. Hilo neno "wazi" nitalirudia sana, maana kesi kubwa kubwa zimepiganwa juu yake.

Waombaji wote wa majaribio ni wa kubuni. Sitaki faili lenye majina na matabaka ya watu halisi likae kwenye kompyuta yangu.

6 Februari

Leo sikuandika kodi ya programu, nimesoma hukumu tu. Nimeanzia Madras. Kabla ya katiba ya 1950, serikali ya jimbo hilo ilikuwa na amri ya kugawa nafasi za vyuo vya udaktari na uhandisi kwa mafungu ya 14: 6 za Wahindu wasio Wabrahmini, 2 za Wahindu walio nyuma kimaendeleo, 2 za Wabrahmini, 2 za Wadalit, 1 ya Wakristo wa Kihindi pamoja na machotara wa Kiingereza, na 1 ya Waislamu. Jumlisha: ni 14 kamili. Hapakuwa na nafasi hata moja ya wazi. Kila jamii ilifungiwa chumba chake. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu iliifuta amri hiyo, na mwaka huo huo Bunge likarekebisha katiba kwa kuongeza kifungu cha 15(4), kinachoiruhusu serikali kuweka hatua maalumu kwa walioachwa nyuma.

Kisha ikaja hukumu ya Indra Sawhney, Novemba 1992, majaji tisa. Serikali ya V. P. Singh ilikuwa imetangaza mwaka 1990 kwamba itatekeleza pendekezo la tume ya Mandal la kuwapa OBC asilimia 27 ya ajira za serikali kuu, na nchi ikawaka moto wa maandamano. Mahakama iliikubali 27. Ikaweka kikomo cha asilimia 50 kwa mgao wote kwa jumla (ile 10 ya EWS ilikuja baadaye, nje ya kikomo hicho), ikaagiza familia za OBC zilizokwisha kujiinua ziondolewe kwenye mgao, na ikatofautisha mgao wa wima na mgao wa mlalo. Wima ni ule wa matabaka. Mlalo unapita katikati ya makundi yote: wanawake, watu wenye ulemavu na kadhalika. Kwa OBC katika vyuo vya serikali kuu ilibidi kusubiri sheria ya 2006, ambayo Mahakama iliithibitisha mwaka 2008.

Ndani ya hukumu ya 1992 kuna kanuni inayobeba mradi huu wote: mtu wa tabaka lenye mgao akishinda kwa alama zake mwenyewe, asihesabiwe kwenye mgao.

10 Februari

Nimeiweka kanuni hiyo kwenye kodi, na matokeo yake nayaandika hapa kwa kirefu, kwa kuwa nadhani ndiyo moyo wa jambo.

Nafasi 10: 7 za wazi, 3 za OBC. Waombaji 12 wamepangwa kwa alama. Walio OBC wameshika namba 2, 6, 9, 11 na 12. Waliobaki hawana mgao wowote.

Njia ya kwanza, jaza nafasi za wazi kwanza. Namba 1 hadi 7 wanaingia, na humo wamo OBC wawili, wa 2 na wa 6. Halafu zile 3 za OBC zinakwenda kwa namba 9, 11 na 12. OBC walioingia ni watano. Wanaokosa ni namba 8 na 10.

Njia ya pili, jaza mgao kwanza. Namba 2, 6 na 9 wanachukua nafasi za OBC. Za wazi zinakwenda kwa 1, 3, 4, 5, 7, 8 na 10. OBC walioingia ni watatu. Wanaokosa ni 11 na 12.

Tangazo la chuo lingesomeka vile vile kwa njia zote mbili: "asilimia 30 kwa OBC". Lakini njia moja imeingiza watano, nyingine watatu. Katika njia ya pili mgao umekuwa kikomo. Namba 2, ambaye angeingia hata kama sheria ya mgao isingekuwepo, ametumika kujaza nafasi ya mgao, na nafasi za wazi zimegeuka mali ya wasio na mgao bila sheria yoyote kusema hivyo. Indra Sawhney inataka njia ya kwanza, nami nakubaliana nayo kabisa.

Najua kuna msomaji atakayemwonea huruma namba 8. Namwonea pia. Ila namba 8 na namba 12 hawakuanza safari mahali pamoja. Mtihani wa IIT una sekta nzima ya masomo ya ziada, na mji kama Kota, Rajasthan, umejaa vijana waliolipiwa ada na wazazi ili wasome usiku na mchana kwa ajili yake. Alama zinapima uwezo, na zinapima pia kile ambacho familia ilimudu kukinunua. Tofauti ya hatua nne kwenye orodha haitoshi kuniambia ni nani atakuwa mhandisi bora.

16 Februari

Mgao wa mlalo. Hapa kodi imekuwa ngumu ghafla, na ni kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa na mvutano wa miaka mingi.

Kesi ya Saurav Yadav, Desemba 2020, ilihusu ajira za askari polisi Uttar Pradesh, lakini kanuni yake inagusa vyuo vilevile. Mwombaji mmoja mwanamke wa OBC alikuwa na alama 276.5949. Mwanamke wa mwisho kuchukuliwa katika nafasi za wazi za wanawake alikuwa na 274.8298. Huyu wa OBC aliachwa. Hoja ya jimbo ilikuwa kwamba nafasi za wanawake ndani ya fungu la wazi ni za wanawake wasio na mgao wa tabaka, na mwanamke wa OBC akashindane kwenye fungu la OBC.

Nimejenga mfano mdogo wa hali hiyo. Nafasi za wazi 3, angalau 1 iwe ya mwanamke. Nafasi ya OBC 1. Wanaume watatu wasio na mgao wana 90, 88 na 86. Mwanamume wa OBC ana 85. Mwanamke wa OBC ana 84. Mwanamke asiye na mgao ana 80. Kwa utaratibu wa jimbo: wanaume wa 90 na 88 wanaingia, nafasi ya mwanamke inakwenda kwa yule wa 80, ya OBC kwa mwanamume wa 85. Mwenye 84 yuko nje. Mwenye 86 naye yuko nje, lakini huyo kaachwa kwa sababu ya mgao wa wanawake, na hilo linaelezeka. Kumweka nje mwanamke wa 84 huku wa 80 akiingia kwa jina la kuwasaidia wanawake hakuelezeki kwa lugha yoyote.

Mahakama ilisema wazi ni wazi kwa kila mtu, na mwanamke wa tabaka lolote anaweza kuchukua nafasi ya mwanamke iliyomo humo. Jaji Ravindra Bhat alionya katika maoni yake kwamba kufanya kinyume ni kurudisha mgao wa kila jamii na fungu lake. Niliposoma hapo nikaikumbuka ile amri ya Madras ya mafungu ya 14.

Wachumi Tayfun Sönmez na Bumin Yenmez walichapisha mwaka 2022 utaratibu wa hatua mbili unaolingana na hukumu hiyo, na ndio niliouandikia kodi. Kwanza fungu la wazi, kwa waombaji wote: chagua wanawake wenye alama za juu hadi kiwango cha chini kitimie, kisha jaza zilizobaki kwa alama tu. Halafu rudia hivyo hivyo ndani ya kila fungu la tabaka kwa waliobaki.

IIT zenyewe zilipita njia nyingine kwa wanawake. Kuanzia 2018 ziliongeza nafasi za ziada juu ya zilizokuwepo, zikilenga asilimia 14 mwaka huo, 17 mwaka 2019 na 20 mwaka 2020, ili idadi ya nafasi za wengine isipungue. Nimeiweka kama chaguo la pili kwenye mipangilio.

20 Februari

Nilimtumia kodi jamaa yangu anayesoma uzamili Chennai. Jibu lake lilikuja usiku: "Kaka, huyu msichana mwenye ulemavu umemhesabu wapi? Kwa wanawake au kwa wenye ulemavu?"

Swali zuri sana. Sheria ya 2016 ya haki za watu wenye ulemavu inataka angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyuo vya juu vya serikali, na huo ni mgao wa mlalo. Sasa chukua nafasi 2, moja ya mwanamke na moja ya mwenye ulemavu. Waombaji: mwanamke mwenye ulemavu, ambaye ndiye anayeongoza kwa alama, na mwanamke mwingine asiye na ulemavu. Ukimhesabu yule wa kwanza kuwa mwanamke, nafasi ya wenye ulemavu haina wa kuijaza. Ukimhesabu kwa ulemavu wake, mgao wote umetimia. Programu isiyotazama mbele itakwama kwa bahati tu ya nani alisomwa kwanza kwenye faili.

Dawa yake ni hesabu ya kuoanisha: upande mmoja watu, upande mwingine nafasi maalumu, tafuta namna ya kuwaoanisha inayojaza nafasi nyingi kadiri inavyowezekana, huku wenye alama za juu wakitangulia. Kazi imekamilika leo jioni.

27 Februari

Desimali. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika chache.

Kozi ya uzamili yenye nafasi 8 kwa mwaka. SC 1.2, ST 0.6, OBC 2.16, EWS 0.8. Mtu hawezi kuwa desimali, kwa hiyo ofisi inakata. Ukikata kila kitu kushuka chini unapata 1, 0, 2, 0, na zilizobaki 5 zinaangukia fungu la wazi. Fanya hivyo miaka mitano: nafasi 40, SC 5, OBC 10, ST 0, EWS 0, wazi 25. Kwa mujibu wa asilimia zilezile, ST walistahili 3, SC 6, EWS 4, OBC 10.8, na wazi 16.2.

Kijana wa kabila la asili anaweza kuomba kozi hiyo kila mwaka, sheria ikiwa upande wake, na asikute nafasi hata moja iliyotengwa. Hakuna aliyevunja sheria waziwazi. Ni mkato wa desimali tu.

Programu sasa ina daftari la deni. Kila kundi linabeba desimali yake hadi mwaka unaofuata. ST wana 0.6 mwaka wa kwanza, 1.2 wa pili, na hapo wanapata nafasi yao, 0.2 inabaki kwenye daftari. Ofisi za India zina utaratibu wa duru kwa ajili ya jambo hilihili. Naomba yeyote anayesimamia udahili mahali popote asiyadharau haya. Kozi ndogo zikiwa nyingi, desimali ndizo zinazoamua.

6 Machi

Hadi sasa nilikuwa na chuo kimoja. India ina JoSAA, chombo kinachogawa kwa pamoja nafasi za IIT, NIT (vyuo vya kitaifa vya teknolojia) na vyuo vingine vya kiufundi tangu 2015. Mwombaji anaorodhesha kozi kwa mpangilio anaoutaka, na mgao unafanywa kwa algoriti ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962: kila mtu anaomba chaguo lake la kwanza, kozi inashikilia kwa muda walio bora na kuwaachia wengine, walioachwa wanaomba chaguo linalofuata, hadi hakuna anayesogea.

Ujanja wa kuunganisha algoriti hiyo na matabaka ni kuigawa kila kozi kuwa kozi kadhaa: umeme-wazi, umeme-OBC, umeme-SC, na kuendelea. Mwombaji wa OBC aliyeandika umeme kisha ujenzi, programu inamwandikia umeme-wazi, umeme-OBC, ujenzi-wazi, ujenzi-OBC. Hivyo hapotezi kozi aipendayo kwa sababu tu alama zake zilimwingiza wazi mahali asipopataka. Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kulilinda jambo hilo mwaka 1996 katika kesi ya Ritesh Sah, ya vyuo vya udaktari.

Kigumu ni nafasi zinazobaki tupu. Za OBC na EWS zikikosa mtu hugeuzwa kuwa za wazi; za SC na ST hazigeuzwi. Njia rahisi ingekuwa kuchukua zilizobaki na kuwapa waliokosa. Lakini fikiria mtu wa namba 6,000 aliyekwisha kupangwa kwenye chaguo lake la tatu. Ukimpa wa namba 9,000 nafasi iliyogeuzwa ya umeme, umemruka yule wa 6,000 aliyeitaka umeme kuliko alipo. Kwa hiyo JoSAA huongeza idadi ya nafasi za wazi na kuendesha mgao wote upya tangu mwanzo. Kodi yangu inafanya vivyo hivyo, inarudia hadi kusiwe na nafasi ya kugeuza. Inachukua muda mrefu zaidi na inastahili kila sekunde.

Kuhusu SC na ST kuna jambo ninalolipenda: waliokaribia kiwango cha ufaulu bila kukifikia wanaweza kupewa mwaka mmoja wa matayarisho IIT kabla ya kuanza shahada.

15 Machi

Ndani ya kundi moja, nani anafaidi? Tume ya Rohini, iliyoundwa 2017, iliangalia ajira na nafasi za vyuo vya serikali kuu na kuona kwamba asilimia 97 zilizokwenda kwa OBC zilichukuliwa na robo tu ya jamii zilizomo kwenye orodha. Jamii 983 hazikupata hata moja.

Bihar iliona tatizo hili mapema. Mwaka 1978 Karpoori Thakur, aliyekuwa mkuu wa serikali ya jimbo hilo, aligawa mgao wa ajira za jimbo kwa walio nyuma sana 12, walio nyuma 8, wanawake 3, na maskini wa matabaka ya juu 3. Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kugawa hata SC kwa ndani, kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Programu sasa inapokea mafungu madogo ndani ya fungu. Sharti nililoliweka mimi: nafasi ya fungu dogo ikikosa mtu, irudi kwanza kwa ndugu zao wa fungu kubwa kabla ya kwenda kwingine. Bila sharti hilo, kuligawa kundi kungekuwa njia ya kulipunguzia nafasi.

Kipimo cha kipato kinanisumbua zaidi. Kwa OBC na kwa EWS kikomo ni rupia laki 8 kwa mwaka, lakini kwa OBC mshahara na mapato ya kilimo havijumlishwi kwenye kipimo hicho, kwa EWS vinajumlishwa vyote. Tarakimu ni moja, vipimo viwili. Nimeandika sehemu mbili tofauti za kodi na maelezo marefu juu yake ili mtu asije akaziunganisha.

21 Machi

Mwaka 2024 kijana mmoja Mdalit kutoka Muzaffarnagar, mtoto wa kibarua, alipata nafasi ya uhandisi wa umeme IIT Dhanbad. Alitakiwa kulipa rupia 17,500 kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe 24 Juni. Familia ilihangaika kutafuta fedha, na mfumo ulifungwa kabla hajakamilisha malipo. Alikuwa amemaliza nafasi zake za kurudia mtihani. Alibisha hodi kila mlango hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 30 Septemba iliamuru apewe nafasi ya ziada, bila kumwondoa mwanafunzi mwingine.

Kwenye programu yangu kijana huyo angehesabiwa kuwa amepata, na ripoti ingefungwa kwa furaha. Mgao ulimfikisha kwenye jina lake ubaoni. Ada ikataka kumrudisha nyumbani. Nimeongeza hatua baada ya mgao: muda wa kulipa, kiasi, na idadi ya walioacha nafasi kwa kila kundi. Ripoti ikionyesha kwamba walioshindwa kulipa ni wengi zaidi upande mmoja, iseme hivyo kwa maandishi makubwa juu kabisa ya ukurasa.

24 Machi

Yanayofanya kazi: wazi kwanza, mlalo wa hatua mbili, kuoanisha sifa zaidi ya moja, daftari la desimali, vyuo vingi na kugeuza nafasi, mafungu madogo, hatua ya ada.

Kinachofuata ni Tamil Nadu, ambako mgao ni asilimia 69: walio nyuma 30, walio nyuma zaidi 20, SC 18, ST 1. Ndani ya ile 30 kuna 3.5 ya Waislamu, na ndani ya ile 18 kuna 3 ya Waarunthathiyar. Juu yake, tangu 2020, kuna 7.5 ya waliosoma shule za serikali kwa vyuo vya udaktari. Ni jimbo moja linalotumia karibu kila kipengele nilichokiandika, kwa wakati mmoja. Jamaa wa Chennai ameahidi kunitumia mwongozo wa udahili wiki hii.